Kiziwi wa Benchi la Mbele

Karibu, Mwalimu Gideoni. Keti kwenye kigoda. Siyo hapo, hapo nimemwaga udongo mbichi, na kanzu yako ni nyeupe mno kwa uwanja wa mfinyanzi. Kile pale. Haya.

Najua kilichokuleta. Mke wako amemwambia Marita, na Marita akishajua jambo, Lyulilo nzima inalijua kabla mitumbwi haijashusha samaki. Umekuja kunigombeza. Unasema kila Jumapili, ukiwa katikati ya neno, mimi Angetile napaza sauti nyuma ya ukuta wa matete, "Rudia, Mwalimu, sijasikia!" Unarudia. Unasoma mstari mwingine, nami tena, "Rudia!" Umeulizia kwa watu, ukaambiwa masikio yangu ni mazima, nasikia chungu kikipasuka motoni nikiwa ng'ambo ya mto. Ndipo ukaamua kwamba nakudhihaki kwa kuwa wewe ni mgeni, Mkinga uliyeshuka juzi tu kutoka milimani.

Basi nakwambia kweli, nasikia. Nasikia hata unavyomeza mate kabla ya kumtaja Nebukadneza. Lakini sijaacha kusema rudia, na nikishakueleza sababu, wewe mwenyewe utaniambia kama niache. Ila usinikatize. Nikikatizwa nakasirika, nikikasirika mkono unakuwa mzito, na chungu hiki kina mwenyewe anayekingoja.

Kanisa hilo wewe umelikuta lina milango miwili. Sisi tulilijenga na mmoja. Hii ni miaka kumi na miwili sasa. Matofali tulifyatua wenyewe, udongo tukauchimba palepale tunapochimba wa vyungu, na wanawake wa Kikisi walilalamika wee, wakasema Mungu anamaliza vyungu vyetu kabla havijafinyangwa. Wanaume wakakata miti milimani kwenu, nyasi za kuezekea zikatoka bondeni huko kwenye mashamba ya mpunga. Mlango ukawekwa ubavuni, karibu kabisa na mbele, ili upepo wa mwera ukivuma kutoka ziwani usimpige mhubiri usoni. Pembeni ya mlango huo likawekwa benchi la wazee wa kanisa. Kila anayeingia apite mbele ya magoti yao, wamwone, wamjue. Ulikuwa mpango mzuri, hakuna aliyeona kosa. Kosa niliona mimi peke yangu, na mimi sikuwa na mtu wa kumwambia.

Aliyesimamia ujenzi alikuwa baba mkwe wangu, baba yake mume wangu Ezra. Jina lake silitaji, kwa hiyo usiniulize, ulishalisikia kwa wengine. Kwenu sijui mnafanyaje, lakini hawa Wanyakyusa nilioolewa kwao, mke hamtaji baba mkwe, hamtazami, hasemi naye, hapiti alipo. Akimwona njiani anaingia majanini na kujifunika nguo mpaka mzee apite. Mzee naye akijua mkwe yuko karibu anakohoa, ili mwanamke apate nafasi ya kukimbia. Wanaita kutila, ni kuogopa kwa heshima. Mimi ni Mkisi, mtoto wa ufukoni. Kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini hatukimbiani kiasi hicho. Nilipoletwa huku migombani, mama mkwe wangu, Mama Andongwisye, alinifundisha kukimbia kwa wiki nzima, mimi na mikungu ya ndizi kichwani, yeye akicheka mpaka machozi.

Wala haikuwa shida. Hapa vijana wakioa wanajenga kijiji chao, mbali na cha baba zao, hivyo mkwe na mke wa mwanawe hawakutani hovyo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipokuja kanisa, likatutaka wote tuketi chini ya paa moja.

Sasa sikiliza hili, nalisema mara moja tu. Mtoto wangu wa kwanza alifariki akiwa na miezi minne. Wa pili hakufika hata huko. Wanawake wa kijiji wakaanza kunong'ona kisimani, Mkisi yule amemtazama mkwe wake, ndiyo maana. Mwalimu, sikuwa nimemtazama! Hata kivuli chake sikukijua. Lakini mtu akiambiwa jambo kila siku anaanza kujiuliza. Usiku nilikuwa nalala nikikumbuka njia zote nilizopita, nikitafuta ni wapi jicho langu lilipoteleza.

Siku moja napita na mzigo wa vyungu kwenda kwenye soko la ufukoni, nafika chini ya dirisha la kanisa, nasikia ndani Mwalimu Andrea anafundisha darasa la ubatizo. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza, Mungu ampe pumziko. Alikuwa anasema watoto wanaokufa wako kwa Mungu, na kwamba Mungu hamuui mtoto kwa sababu ya macho ya mama yake. Sijui kwa nini alisema hivyo siku hiyo. Niliutua mzigo chini. Sikuunyanyua tena mpaka somo lilipokwisha, na soko lilinipita, na sikujali.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wa dirishani, miaka miwili. Nilibeba udongo wangu, nikakaa chini ya dirisha na kufinyanga huku nasikiliza, maana kuingia ndani nisingeweza. Baba mkwe alikuwa mle, kwenye benchi la mbele, na mlango ulikuwa mbele ya magoti yake. Marita alikuwa anapita na kapu la dagaa, ananiuliza, "Wewe, umekuwa mjusi wa ukutani?" Namwambia nenda zako na dagaa wako. Lakini kila Andrea alipouliza swali ndani, mimi nje nililijibu, na nilijibu kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunong'onewa na nilitaka kusikia mdomo wangu mwenyewe ukisema jambo jema.

Shida ni kwamba Andrea alikuwa na sauti ya mbu. Mtu mtakatifu, lakini mbu. Mawimbi yakipanda kidogo, maneno yanapotea. Na juu ya shida hiyo kulikuwa na huyu mzee. Andrea akisema neno, mzee anapaza sauti, "Rudia, Mwalimu, sijasikia!" Andrea anarudia kwa nguvu. Mzee anasema, "Rudia!" Andrea anarudia mara ya tatu, jasho linamtoka. Halafu mzee mwenyewe analisema lote, polepole, kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Somo la saa moja likawa la saa tatu. Vijana mle ndani walicheka, wakampa jina, Kiziwi wa Benchi la Mbele. Nami nje nilimtukana moyoni. Nilisema, kiziwi huyu! Kwanza amekalia mlango wangu, sasa anakalia na masomo yangu. Sikuwa na haya, Mwalimu. Nimekaa chini ya dirisha la nyumba ya Mungu, nafinyanga na kutukana.

Katika mwaka wa pili nikajifungua Yohana, huyuhuyu unayemfundisha kusoma. Alikuwa na afya, analia kama mbuzi. Na hapo hofu yangu ikazaliwa upya. Niliamini aliyosema Andrea, nakwambia niliamini. Lakini nilipomtazama Yohana amelala, niliamini na kuogopa kwa pamoja. Je, nikipita mbele ya mkwe, halafu mtoto apatwe na homa? Homa hapa haikosi, ni bonde la mpunga hili, mbu ni wengi kuliko watu. Watu watasema nini? Nami mwenyewe nitajiambia nini?

Ndipo likatangazwa kwamba mmisionari Mdachi anakuja kwa Pentekoste kubatiza. Tulimwita Bwana Kofia, kwa ajili ya kofia yake pana, hata kivuli chake kilikuwa na kofia. Alikuwa akija kwa mashua mara moja tu kwa mwaka, kisha anaondoka. Andrea akaandika jina langu kwenye karatasi. Nilikuwa nimelichagua mwenyewe hili jina la Angetile, nililiwaza mwaka mzima, nikalikumbatia kama mtoto wa tumboni. Nilitaka nibatizwe nalo, na Yohana abatizwe mgongoni kwangu, ili siku moja nisimame kisimani niseme, mimi na mwanangu ni wa Mungu, nong'oneni hadi mchoke. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani.

Jumamosi kabla ya Pentekoste tukaitwa kuhojiwa. Wenzangu waliingia mmojammoja, wakahojiwa mbele ya wazee, wakatoka wanachekelea. Likaitwa jina langu. Nikaitikia kutoka dirishani, nimejifunika nguo mpaka machoni, Yohana mgongoni.

Bwana Kofia akauliza, "Yuko wapi?" Alisema Kinyakyusa safi, kuliko mimi.

Andrea akamweleza yote, mila, mkwe, benchi, mlango.

Kisha nikasikia sauti ya yule Mdachi, haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka na safari. Akasema Mkristo hajifichi mbele ya Mkristo mwenzake. Ndani ya nyumba hii hakuna mkwe wala mkamwana, kuna ndugu. Mwanamke huyu aingie kwa mlango kama wengine, ajibu akiwa ameinua uso, vinginevyo asubiri mwaka ujao.

Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Hakuwa amezika watoto wawili huku watu wakihesabu macho yake.

Nilijaribu, Mwalimu. Nilizunguka ukuta mpaka karibu na mlango. Nikaona ncha ya benchi, nikaona mguu mmoja wa mzee, unyayo mkubwa wenye udongo uliokauka. Yohana akapiga chafya mgongoni kwangu. Chafya tu! Nikageuka nikakimbia mpaka Lyulilo, sikusimama.

Siku hiyo Marita alikuwa anachoma vyungu ufukoni. Nikaketi kando ya moto, nikalia kilio kile cha kukata pumzi. Mama Andongwisye alikuwa amekuja kuchukua mitungi ya Pentekoste, akanikuta hapo. Naye kwangu alikuwa kama mama mzazi, yeye mila haikunikataza. Akaniuliza nina nini. Nikamwaga yote, na mdomo wangu ukaropoka mpaka mwisho. "Ni yule kiziwi! Ameketi mlangoni kama komeo. Miaka miwili ananichelewesha na rudia rudia zake, na leo amenifungia nje kabisa!"

Marita akaziba mdomo. Mtu hamsemi mkwe wake hivyo, na tena mbele ya mkewe.

Mama Andongwisye hakukasirika. Akasema, "Kiziwi nani?"

"Mumeo, mama. Nisamehe. Lakini si kiziwi?"

"Mume wangu anasikia panya wakitembea ghalani, ananiamsha niwafukuze. Mume wangu anasikia maji yakianza kuchemka, mimi niko jikoni sijasikia. Kiziwi!" Akaketi mchangani kando yangu. "Mwanangu, siku ile ya kwanza ulipotua vyungu vyako chini ya dirisha, alirudi nyumbani akaniambia, mke wa mwanetu yuko nje, na mwalimu ana sauti ndogo, na mawimbi ni makubwa, hatasikia kitu. Nikamwambia basi mwambie mwalimu apaze sauti. Akasema nikimwambia hivyo watauliza ni kwa ajili ya nani, na mimi siwezi kumsema mkwe wangu mbele za watu. Heri niwe kiziwi mimi."

Moto ukapasua chungu kimoja cha Marita, hakuna aliyegeuka.

"Vijana wanamcheka," nikasema.

"Wanamcheka. Nyumbani anacheka naye. Ananiambia leo nimesema rudia mara tisa, mtoto wetu amejibu yote, hajakosea hata moja. Anayahesabu majibu yako kama mtu anayehesabu ndama wake."

Mwalimu, nimewahi kuungua kwa moto wa vyungu, hapa kwenye kiwiko, kovu unaliona. Aibu ya siku ile iliniuma kuliko hilo. Miaka miwili mtu amekubali kuitwa kiziwi na watoto wadogo, ili mimi nipate kusikia, nami namlipa matusi. Nikaomba mchanga unifunike.

Tukiwa bado tumekaa, tukasikia ngurumo kutoka upande wa kanisa. Puu. Puu. Marita akasema ni kiboko ameingia mashambani. Mama Andongwisye akatega sikio, akainuka, akajipangusa mchanga. "Siyo kiboko," akasema. "Hiyo ni sururu ya mume wangu. Naijua."

Mimi nisingeweza kwenda, kwa kuwa yeye alikuwa huko. Niliona tu kutoka mbali vumbi jekundu likipanda nyuma ya kanisa, upande wa migomba. Yaliyotokea alinieleza Andrea jioni ileile, na alikuwa akicheka na kulia kwa zamu.

Mzee alikuwa ametoka kwenye mahojiano, akaenda kwake, akarudi na sururu. Akazunguka nyuma ya kanisa, kwenye ukuta wa mwisho, ukuta alioujenga kwa mikono yake mwenyewe na aliokuwa akiupitia kwa kamba kila asubuhi kuona kama umenyooka. Akaanza kuubomoa. Bwana Kofia akasikia, akaja mbio, ameshika kofia.

"Mzee! Unafanya nini na nyumba ya Mungu?"

Mzee akapiga puu. Akasema, "Rudia, Bwana, sijasikia."

"Nimesema, unafanya nini? Acha mara moja!"

Puu. "Rudia, Bwana."

Akarudia, kwa nguvu zote, mpaka watu wa soko wakaja kutazama. Puu. Tofali likaanguka. "Masikio yangu, Bwana. Rudia."

Alirudia mara tano. Katika mara hizo tano, tundu likawa la kupitisha mbuzi, likawa la kupitisha mtoto. Vijana waliokuwa wakimcheka wakaja, mmoja akaanza kuondoa matofali yaliyoanguka, wa pili naye, hakuna aliyewaambia. Bwana Kofia akasimama akatazama. Akamtazama mzee, akalitazama dirisha lile, pale chini yake ambapo nyasi zilikuwa zimekufa kwa kukaliwa miaka miwili na mabaki ya udongo wangu yamekauka. Andrea anasema akavua kofia. Akaketi juu ya rundo la matofali, na kwa sauti ndogo, ndogo kabisa, akauliza, "Mlango huu utakuwa wa kimo gani?"

Mzee akasikia mara ya kwanza. Akajibu palepale, "Kimo cha mwanamke mwenye chungu kichwani na mtoto mgongoni."

Ndiyo maana mlango ule ni mrefu hivyo, Mwalimu. Wewe uliingia siku ya kwanza ukasema wajenzi wetu hawajui kupima. Nilikusikia. Nilitaka kukurushia udongo.

Asubuhi ya Pentekoste nikaingia kwa mlango ule, chungu kichwani na Yohana mgongoni, sikuinama. Chungu kilikuwa cha maji ya ubatizo, nilikifinyanga mwenyewe chini ya dirisha. Wanawake walikuwa wamefunga ukuta wa matete kati ya nyuma na mbele, wa kufika begani kwa mtu aliyesimama, nasi tukiketi hatuonekani. Nami sikuwa peke yangu. Wake za watu sita walikuwa humo, ambao miaka yote hiyo wakwe zao walikuwa ndani na wao nje, kila mmoja akidhani ni shida yake peke yake. Sita! Mmoja alikuwa yule aliyenong'ona kisimani kuliko wote. Alinisogezea mkeka wake niketi.

Nikahojiwa nyuma ya matete, mbele ya kanisa zima. Nikajibu yote. Kisha Andrea akauliza kama desturi ilivyo, "Nani anamshuhudia mwanamke huyu, kwamba amefundishwa na kwamba ni mwaminifu?"

Ezra mume wangu alikuwa hajabatizwa bado, hakuwa na haki ya kusema. Wengine hawakunijua ila mgongo. Ndipo sauti ikatoka benchi la mbele.

"Rudia, Mwalimu, sijasikia."

Kanisa likacheka, hata Bwana Kofia. Andrea akarudia.

Mzee akasema, "Mimi. Uso wake siujui. Lakini nimemsikia dirishani miaka miwili, hajakosea hata mara moja."

Nikabatizwa Angetile. Yohana akabatizwa Yohana, akalia kama mbuzi. Nilikuwa nalia mimi pia, nguo yote ililowa, sikujua ni maji ya chungu au yangu. Nilikuwa na furaha, Mwalimu. Sijui niiseme vipi. Mtu amekuwa amesimama mlangoni maisha yake yote, halafu anaambiwa ukuta wenyewe umeondoka.

Na sasa, niambie, mtu kama huyo utamshukuru vipi? Kusema naye siruhusiwi. Kumtazama siruhusiwi. Wakristo wengine wameacha mila hii, sawa, kila mtu na wakwe zake. Mimi siku moja nilifika mbele ya lango lake nikitaka nami niiache, nikageuka. Yeye alibomoa ukuta ili mimi nisivunje heshima yake wala yangu, ningeivunja namna gani? Basi kila Pentekoste namfinyangia mtungi, mzuri kuliko ninaouza, nampa Mama Andongwisye apeleke. Nasema mwambie ndaga fijo, asante sana. Mtungi unarudi baada ya siku tatu umejaa mchele wa shamba lake. Mwaka unaofuata napeleka mwingine, unarudi na mchele. Ndivyo tunavyozungumza.

Sasa tufike kwenye shida yako.

Mwaka jana, wakati wa mavuno, nakuja na vyungu viwili kwenye njia ya migombani, naimba kwa sauti kama ninavyoimba siku zote, ajue ninapita. Yeye anakuja upande wa pili. Akisikia wimbo anasimama, anakohoa, nami naingia majanini, ndiyo kawaida yetu. Siku hiyo hakusimama. Niliona fimbo yake tayari inakunja kona! Nikajitupa migombani, vyungu vyote viwili vikavunjika, mimi nimelala kifudifudi kwenye maganda, na yeye akapita hatua mbili kutoka kichwani kwangu, anatembea polepole, hajui chochote.

Nikalala pale nikaelewa. Masikio yake yamekwisha. Safari hii ni kweli.

Yohana hukaa naye kwenye benchi la mbele, babu na mjukuu hawana mila ya kukimbiana. Nikamuuliza Yohana. Akaniambia, "Babu anatazama mdomo wa mwalimu tu, mama. Halafu nyumbani ananiuliza mimi, leo lilisomwa neno gani."

"Na mbona hasemi rudia?"

"Anaona aibu," Yohana akasema. "Anasema watu watamcheka."

Unaona mambo, Mwalimu Gideoni? Siku zile alipokuwa anasikia, alisema hasikii mbele ya watu wote, wala haya hakuona. Leo hasikii kweli, na anaona haya kusema. Kwa ajili yangu aliweza. Kwa ajili yake mwenyewe hawezi.

Basi mimi naweza. Naketi nyuma ya matete, karibu na mlango alioutoboa, na nasema rudia. Ukirudia mara ya pili, Yohana anasema babu huinamisha kichwa mbele. Ukirudia mara ya tatu, midomo yake inafuata maneno. Vijana wameanza kunicheka, nimesikia wameshanipa na jina, na jina lenyewe unaweza kulikisia. Nimelipokea. Halijawahi kunikaa jina vizuri hivyo tangu lile la ubatizo.

Na Jumapili iliyopita, ulipokuwa umenuna unasoma kwa mara ya tatu, nilisikia kitu kutoka benchi la mbele. Watu wengine hawakukitilia maanani. Mzee alikohoa mara mbili, vile alivyokuwa akikohoa zamani akijua mkwe wake yuko karibu.

Amejua. Sijui ni Yohana aliyemwambia au ni Mama Andongwisye. Lakini amejua.

Haya, nimemaliza, na chungu kimekwisha. Sasa niambie wewe, niache?

Unasema nini? Usiitazame miguu yako, Mwalimu, nitazame mimi na useme kwa sauti.

Naam, nisiache. Hivyo. Sasa umesikika mpaka ufukoni. Hivyohivyo ndivyo usome Jumapili.